Nguzo Mbili za Maktaba

Tasnifu ya Rula ilikuwa na kila kitu ila mafundi, na hilo ndilo lililomponza.

Rula si jina alilopewa na wazazi. Wanafunzi wake wa chuo cha ufundi, alikofundisha uchoraji wa ramani za nyumba, ndio waliombandika. Alitembea na rula mkononi kama wengine wanavyotembea na simu, na kitu kilichokaa upande hakukivumilia. Kitambaa cha meza kikipinda kidogo tu, mkono ulimwasha. Sasa mtu wa namna hiyo, ukimwambia kazi yake haina mpangilio, umemtukana. Na Profesa, msimamizi wake wa udaktari, alimtukana hivyo mchana kweupe, mlango wa ofisi ukiwa wazi.

"Mwanangu, nimeisoma yote," Profesa alisema akivua miwani. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, lakini ulimi wake ulikuwa wembe. "Sura ya kwanza, mtindo wa jengo. Ya pili, mchoraji wake na walimu waliomfundisha. Ya tatu, ngazi. Ya nne, nguzo mbili za mlangoni. Tamu hiyo, nimeirudia. Ya tano, wasomaji. Haya, niambie, hilo jumba lilijengwa lini? Maana naona mchoro, nafungua ukurasa, mara watu wako ndani wanasoma vitabu. Limeota kama uyoga?"

Rula akacheka cheko la adabu, lile la meno matupu.

"Usinichekee. Jopo linakaa mwisho wa mwezi. Wakiukataa mpangilio na safari hii, jina lako linafutwa, na mimi sina tena pa kukushikia. Nataka sura ya ujenzi. Uiweke wapi, utajua mwenyewe, wewe ndiye mchora ramani."

Basi. Miaka yote ile ya kusoma baada ya kazi, ya kuchumbiwa na kuachwa kwa sababu "huyu kaolewa na jengo", ilikuwa imesimama juu ya sura moja isiyokuwepo.

Jumba lenyewe lilikuwa maktaba kuu ya mji. Juu ya mlango wake palitokeza kipaa kipana cha zege, na chini ya kipaa zilisimama nguzo mbili nyembamba, moja kulia na moja kushoto. Wasomi wameziandika nguzo hizo mpaka wino umewaishia. Mmoja kasema ni utulivu, mwingine kasema ni mizani, mwingine kaziona kama mikono iliyoinuliwa. Rula mwenyewe aliandika kurasa arobaini kuzihusu, na nyingine alizitolea machozi.

Jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote pale idarani ni kwamba baba yake alikuwa mwashi kwenye kazi ile. Angesema, wangemwambia utafiti si matanga ya ukoo. Kwa hiyo alinyamaza, akaandika "mafundi wa mji" mara moja tu, kwenye utangulizi, akapita haraka.

Baba yake aliitwa Timazi, sawa na ule uzi wake wenye risasi ya chuma unaoonyesha kama ukuta umesimama wima. Alikuwa mtu wa maneno machache. Rula alipokuwa mdogo alimpeleka maktaba kila Jumamosi, lakini yeye mwenyewe hakuvuka kizingiti hata siku moja. Alimwacha mtoto pale mlangoni, kisha akasimama chini ya kipaa, kiganja kimelala juu ya nguzo ya kushoto, mpaka mtoto atoke. Jua likawaka, mvua ikanyesha, kiganja kilikuwa pale pale. Madereva wa teksi upande wa pili walimtania: "Fundi, achia bwana, halianguki!" Hakucheka. Rula alidhani baba yake anajivunia kazi yake, na akalipenda lile jumba kwa mapenzi ya kile kiganja. Sura ya nne yote ilitoka hapo, kama hamkujua.

Sasa mnaweza kuuliza: kama baba alikuwepo, si ndiyo rahisi kuandika sura ya ujenzi? Ndivyo watu wa nje wanavyofikiri. Lakini kila Rula alipokaa kuiandika, nyumba ilianza kugonga.

Aliishi na mama yake katika nyumba ya matofali aliyoijenga Timazi kabla hajafa. Rula alikuwa na mtindo wake wa kazi: kila sura aliiandika kwa kifupi kwenye kadi, akazipanga kadi sakafuni sebuleni kama vyumba kwenye ramani. Utangulizi ulikaa mlangoni na hitimisho lilikaa dirishani, kisha yeye akazunguka kama mnunuzi wa nyumba, akiangalia msomaji ataingilia wapi na atakwama wapi. Alasiri ya siku aliyotoka kwa Profesa aliichukua kadi nyeupe, akaandika "Ujenzi", akainama kuiweka kati ya mchoraji na ngazi.

Ko-ko.

Sauti ilitoka ukutani, nyuma ya kabati. Mara mbili, halafu kimya, kama mtu aliyegonga na sasa anasikiliza. Rula akangoja. Ko-ko, tena, safari hii karibu na dirisha.

Nywele zilimsimama. Si kwamba hakuijua sauti. Aliijua vizuri mno, na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Ilikuwa sauti ya mpini wa mwiko, ule mwiko wa mwashi. Baba yake alizeeka akigonga vitu kwa mpini ule: kuta, meza, nguzo za kitanda, akitega sikio. Lakini Timazi alikuwa amelala makaburini mwaka wa tatu sasa.

Akakagua mabomba, akasogeza kabati, akamtafuta mjusi. Hola. Akairudisha kadi mfukoni, na kugonga kukakoma.

Asubuhi yake alikuta kadi ya "Nguzo mbili" imetoka mahali pake. Haikuwa tena ya nne. Ilikuwa mlangoni, mbele ya utangulizi, imenyooka sawasawa na kizingiti.

"Mama, umezigusa kadi zangu?"

"Mimi nafagia, sipangi elimu ya watu," mama alijibu kutoka jikoni, bila kugeuka. Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akaongeza, "Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Rula akaguna. Tangu aanze kusomea majengo, kila mtu aliyekutana naye alimtupia methali hiyo, kuanzia kinyozi mpaka shangazi, kana kwamba ndiye wa kwanza kuifikiria.

Akairudisha kadi mahali pake. Kesho yake ilikuwa mlangoni tena. Siku ya tatu akaiacha hapo hapo, akaketi juu ya kiti akiitazama, akasema kwa sauti, peke yake kama kichaa, "Haya. Unataka nini?"

Sasa nitawaambia aibu moja ya watu wa fani hii. Wanapopiga picha ya jengo, husubiri watu waondoke. Mwenye baiskeli apite, mama mwenye kapu apite, ndipo wabonyeze, jengo libaki peke yake kama halijawahi kuguswa na binadamu. Na wakipata picha ya zamani yenye watu, huikata. Rula alikuwa na picha moja ya siku za ujenzi, na nakala yake aliikata kama alivyofundishwa: akaacha kipaa cha zege na anga, akaitupa sehemu yote ya chini. Hivyo ndivyo ilivyokaa ndani ya tasnifu, safi, imepewa namba.

Siku hiyo aliitoa picha nzima bahashani na kuiweka mezani.

Kipaa kilikuwa tayari kimemwagwa. Chini yake kulikuwa na msitu wa mirunda, ile miti inayolibeba zege bichi mpaka likomae. Katikati ya mirunda walisimama wanaume wawili, mmoja mkubwa, mmoja kijana, wote wamekunja uso kwa jua. Mkubwa alikuwa baba yake. Na nguzo mbili hazikuwepo. Si kwamba zilikuwa bado fupi, au nondo zao zimechomoza. Ardhi pale ilikuwa tupu, imefagiliwa.

Ukimwonyesha mtu mwingine picha ile, atasema nguzo zitajengwa baadaye, kuna nini? Lakini binti wa mwashi anajua, tena alijua kabla hajajua kusoma: nguzo hutangulia, paa hufuata. Hakuna fundi anayemwaga paa kwanza halafu aje kulitafutia nguzo, labda paa lenyewe liwe limeomba. Rula alikuwa ameitazama picha hiyo kwa miaka. Macho yaliona, moyo ukakataa, mkono ukashika mkasi.

"Mungu wangu," alisema. Ukuta ukagonga, ko-ko, ukanyamaza.

Mtunza funguo wa maktaba alikuwa mzee mcheshi aliyemzoea Rula kama samani. Alipoombwa ngazi akauliza kama Daktari sasa anabadilisha balbu. "Bado si daktari," Rula alisema, akapanda. Ngazi ilimfikisha juu kabisa ya nguzo ya kushoto, mahali ambapo nguzo inakutana na kipaa, mahali ambapo hakuna msomi hata mmoja aliyewahi kupeleka pua yake, yeye akiwemo.

Hapakuwa na muungano. Palikuwa na mwanya wa upana wa vidole viwili, umeshindiliwa saruji ya rangi nyingine kwa nguvu, kama mtu anavyoshindilia tambara chini ya mlango maji yakiingia. Zege la kipaa juu yake lilikuwa na mshono mrefu: upande mmoja la zamani, upande mwingine jipya. Na mwisho wa ile saruji iliyoshindiliwa, pembeni, palikuwa na alama ya kidole gumba.

Hiyo alama aliifahamu. Kila kazi aliyoimaliza, Timazi aliminya gumba lake kwenye saruji ya mwisho kabla haijakauka. Nyumbani ilikuwepo kwenye kizingiti cha jikoni, na Rula utotoni aliweka gumba lake humo kila siku kuona kama amekua. Akaliweka sasa. Lilienea. Chini mtunza funguo aliita, "Vipi huko, umeona nyoka?" na Rula hakuweza kumjibu kwa sababu alikuwa analia, mkono mmoja umeshika ngazi.

Mama alikuwa anaosha vyombo Rula alipoingia na kuiweka ile picha juu ya meza ya jikoni. Mama alifuta mikono. Alimtazama mumewe kwa muda mfupi. Aliyemtazama kwa muda mrefu alikuwa yule kijana.

"Baba yako mdogo," alisema. "Humkumbuki?"

"Mlisema alifia kazini. Mbali."

"Mbali," mama alirudia, akacheka bila furaha. "Ni pale mlangoni, mwanangu. Pale pale baba yako alipokuwa akikungoja."

Akavuta kiti. Siku ya kufungua maktaba ilikuwa imekaribia, alisema, na kila aliyepita pale alikuwa na haraka, wakubwa, wadogo, wote. Wakauliza, mirunda inatoka lini? Timazi akapanda juu ya kipaa, akaligonga zege kwa mpini wa mwiko, mara mbili, akatega sikio. Ndivyo alivyopima siku zote na hakuwahi kukosea. Akasema limekomaa, toeni. Mdogo wake akaingia chini kuvuta wa mwisho.

"Zege lilimdanganya," Rula alisema.

"Zege halina mdomo. Alikosea." Mama alilisema bila kupaza sauti. "Watu wakaja kunifariji kwa kusema aliharakishwa. Kweli, aliharakishwa. Lakini sikio lilikuwa lake na neno lilikuwa lake, na yeye mwenyewe hakumpa mtu mwingine hata kipande cha lawama. Wakalimwaga upya, yeye akaomba ajenge nguzo mbili chini. Mchoraji akakataa, eti kazi yake inaharibika. Baba yako akasema, bila nguzo mimi siondoki hapa. Halafu jumba likafunguliwa, watu wakapiga makofi, na mchoraji akasifiwa kwa nguzo. Tangu hapo baba yako hakukiamini kitu. Aligonga mpaka kitanda chako ukiwa umelala."

Rula aliushika mkono wa mama. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungempenda vile?"

Rula akaigeuza ile picha kifudifudi. Wakakaa. Na katika kukaa huko, ukutani, nyuma ya rafu ya sahani: ko-ko.

Rula aliruka. Mama hakushtuka hata kidogo. Aligeuka polepole, akamtazama binti yake usoni.

"Kumbe nawe unasikia," alisema. "Mimi tangu tulipomzika. Nilidhani ni uzee wangu."

Mnakumbuka labda, au mlisimuliwa, kwamba mama huyu hakulia msibani. Wakwe walisema sana. Walisema moyo wa jiwe, walisema alikuwa amemchoka mzee wa watu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Utamlilia vipi mtu ambaye usiku wa kumzika umemsikia anakagua kuta?

"Andika," mama alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye kimemuumbua, na bado hapati kulala."

"Mama, nikiandika, ulimwengu wote utajua kwamba alimuua mdogo wake."

"Kwani sasa hivi ni nani asiyelala kwa sababu hajui? Asiyelala ni yeye, anayejua."

Basi Rula akarudi kwenye kadi. Alizipangua zote. Nguzo mbili, sura yake tamu ya nne, aliichana ukurasa baada ya ukurasa: utulivu ukaenda, mizani ikaenda, mikono iliyoinuliwa ikaenda. Akaiweka upya mlangoni, ikawa ya kwanza. Humo kipaa kilimwagwa, kikaanguka, kikamwagwa tena. Baada ya hapo ndipo alipomruhusu mchoraji kuingia, na mtindo, na ngazi, na wasomaji, kila mmoja akipita kati ya zile nguzo akijua zimekujaje. Picha aliirudisha nzima, na mwishoni akaongeza picha ya ile alama ya gumba. Kitu kimoja tu kilimshinda. Palipotakiwa jina la aliyetoa amri, aliandika "fundi mkuu wa zamu", akaweka nukta. Na nyumba ikaendelea kugonga, kila siku, mpaka asubuhi ya jopo alipokuwa anafunga viatu.

Chumba cha jopo kilikuwa na meza ndefu na feni iliyolalamika. Profesa alikaa pembeni, hakumpa Rula hata jicho. Mtahini kutoka chuo kingine, bwana mmoja mkavu mwenye kalamu nyekundu, aliipekua sura ya kwanza, akairudia, akaiweka chini.

"Mpangilio huu naukubali," alisema. "Umenifanya nione haya, maana na mimi nimewahi kuziandika nguzo hizo. Lakini kuna ufa. Hapa unasema fundi mkuu wa zamu aliligonga zege akasema limekomaa. Magazeti ya wakati huo yamenyamaza. Kumbukumbu za ujenzi zimenyamaza. Umejuaje alivyogonga? Umejuaje ni mara mbili? Kama umebuni, sura yote inaanguka, na tasnifu inaanguka nayo. Kama kuna mtu, mtaje."

Feni ikazunguka. Rula aliitazama rula yake juu ya meza, akaona imekaa upande, akaiacha hivyo hivyo.

"Ni baba yangu," alisema.

"Ndiye aliyekusimulia?"

"Hapana. Ndiye aliyegonga. Aliyekufa chini ni mdogo wake, baba yangu mdogo. Mama ndiye aliyenisimulia, alikuwepo wakati huo, na yuko hai, mnaweza kumuuliza. Alama ya gumba kwenye picha ya mwisho ni ya baba. Alikosea. Hakuna mtu mwingine aliyetoa neno ila yeye. Halafu akajenga nguzo, na akazishika mpaka alipokufa."

 Mtahini alifunika kalamu yake. Profesa alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, kisha akasema, kwa ile sauti yake ya taratibu, "Jina liandikwe, mwanangu. Kamili." Wakampa karatasi hapo hapo, akaliandika mbele yao.

Alirudi nyumbani mchana. Alitaka kuingia na vigelegele, lakini alimkuta mama amesimama katikati ya jikoni, sufuria mkononi, kichwa kimeinama upande mmoja. Rula akafungua mdomo. Mama akamnyamazisha kwa kidole.

Wakasikiliza wote wawili. Bomba lilidondosha tone. Nje mtu alimwita mwenzake, kicheko kikapita. Ukutani hapakuwa na kitu. Wakangoja sana, mpaka miguu ikachoka, na ukuta ulikuwa ukuta tu.

Mama akaiweka sufuria chini, kwenye kizingiti, karibu na ile alama ya gumba.

"Sasa ndiyo amekufa," alisema. Na hapo ndipo akaketi sakafuni, akamlilia mumewe.